Waliomwombea Mwanangu Apone

Penseli ilikuwa fupi kama kidole gumba, imefungwa uzi mweupe kwenye egemeo la benchi la mbele yangu, nami nilikuwa nimeishika hadi ikapata joto. Karatasi ilikuwa juu ya goti. Ndogo, ukubwa wa kiganja, imepigwa chapa mistari minne: Mgonjwa. Msafiri. Anayefanya mtihani. Shukrani. Mbele ya kila neno kulikuwa na nukta nukta za kuandikia jina.

Nikaigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Andika tu, mama," akasema mwanamke wa mapokezi, ameniinamia na utepe wake wa kijani ukining'inia usoni pangu. "Jina moja linatosha. La baba yake Mungu analo."

Akacheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi na bado anayapenda.

"Ukimaliza nyoosha mkono nije niichukue. Ila usinyooshe sana, watadhani unataka kuokoka."

Akaenda zake kwa wageni wengine. Nikabaki na penseli yangu.

Nilikuwa na miaka hamsini na minane, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukaa siku ya Jumapili katika kanisa lisilo langu. Langu lilikuwa la matofali, lenye kengele. Nilibatizwa pale, nikafungishwa ndoa pale, na mume wangu alitolewa pale kwa wimbo aliouchagua mwenyewe akiwa bado na sauti ya kuuimba. Hili la siku ile lilikuwa zamani duka la fanicha. Juu ya mlango walipaka chokaa, lakini ukikaza macho ulisoma chini yake: MAGODORO. Sakafuni bado kulikuwa na mikwaruzo mirefu ya makabati yaliyoburutwa, na mikwaruzo mingine ilipita katikati ya watu mpaka mbele, pale walipoweka meza ya mchungaji.

Nilikuwa nimekuja kutafuta watu wa kumwambia Mungu kwamba mwanangu amekufa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kwa siku kumi na moja, jikoni, kazini, nikiwa nimesimama foleni ya mkate. Lakini nimekulia kanisani, na najua tofauti ya mtu mmoja anayenong'ona peke yake na watu mia wanaosema amina. Nilitaka jina lake litajwe kwa sauti mbele ya watu, kama wanavyotajwa waliokufa, kisha waseme amina. Mara moja tu. Baada ya hapo ningerudi nyumbani na sikuwa na jambo lingine la kuomba.

Na katika karatasi ile hapakuwa na mstari wa marehemu.

* * *

Mwanangu alikuwa fundi wa miwani. Alifanya kazi nyuma ya duka dogo karibu na hospitali, kwenye chumba chenye mashine ya kusagia vioo, na akirudi jioni nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi kama mzee. Miaka ishirini na saba. Mimi nilifanya kazi hospitalini, katika chumba cha kufulia, upande wa pasi, kwa hiyo asubuhi tulitoka pamoja, yeye akinishika kiwiko kwenye kuvuka barabara kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa juzi. Alikuwa mkimya. Watu walimsifu kwa ukimya ule. "Umepata mtoto mtulivu," waliniambia, nami nikajivuna.

Miezi ya mwisho alikuwa akiipangusa miwani yangu kila asubuhi kabla hatujatoka. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaipulizia, akaipangusa, akaitazama tena. Nilidhani ni mazoea ya kazi.

Sitaandika nilichokikuta Jumatano ile niliporudi zamu ya asubuhi. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Juu ya meza ya kulia chakula palikuwa na miwani mpya, ya akiba, yenye namba za macho yangu, imeviringishwa kitambaa. Alikuwa amefikiri kwamba ipo siku hii ya kwanza ingevunjika. Jambo hilo alilifikiria.

Mchungaji wetu alikuja Alhamisi na wazee wawili wa kanisa. Walikaa kwenye viti vya sebuleni, magoti pamoja, na mchungaji akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "sisi tutakuja. Hatuwezi kukuacha. Tutakuja kama majirani."

"Kama majirani," nikarudia.

"Kanuni unaijua. Wewe ni mtu wa siku nyingi."

Mmoja wa wazee akakohoa. Mwingine akatazama picha ya mume wangu ukutani kana kwamba angeweza kumsaidia.

Niliijua kanuni. Niliwahi kuitembeza kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwetu, mshirika akifa, akina mama huvaa sare: sketi nyeusi, blauzi nyeupe, kola ya zambarau. Hujipanga safu mbili kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye gari, na jeneza hupita katikati yao wakiimba. Hata mlevi aliyekuja kanisani mara mbili kwa mwaka hupangiwa safu. Lakini aliyejitoa uhai hapangiwi. Haingizwi kanisani, jina lake halisomwi kwenye matangazo ya Jumapili, na sare hazivaliwi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wazazi wetu, na sikumbuki hata siku moja mtu akiuliza.

Miaka tisa kabla yake alikufa hivyo binti wa fundi cherehani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Na huyo fundi cherehani, mama yake, ndiye aliyetushonea sare zile zote, arobaini na moja. Alikijua kiuno cha kila mmoja wetu na hakumtangazia mtu. Mimi nilikuwa makamu wa mwenyekiti wa akina mama, na mchungaji alinituma nikawaarifu. Nilipita nyumba kwa nyumba mchana kutwa na maneno matatu: "Kesho sare hapana." Hakuna aliyebisha. Mmoja alisema, "Afadhali, yangu bado haijakauka."

Tulikwenda makaburini na nguo zetu za kawaida, tukasimama kando kama watu wanaosubiri basi. Fundi cherehani alitutazama mmoja mmoja. Hakututazama usoni. Alitutazama shingoni, pale kola ilipopaswa kuwa. Baada ya mwezi tukasikia kwamba amehamia kanisa la kwenye duka la magodoro. Nilimwombea arudi kundini. Niliomba kwa dhati, nikiwa nimefunga.

Basi siku ya Alhamisi, mchungaji alipokwisha kuondoka, nilikuwa uani nikianika shuka. Nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa ukuta, getini kwa jirani.

"Kesho sare hapana."

"Haya."

Geti likafungwa. Nikasikia viatu vikipita mbele ya kwangu bila kusimama.

Tulimzika Ijumaa. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye aliyesimama kichwani pa kaburi. Ni fundi bomba, mtu wa mizaha, na hajawahi kuomba mbele ya watu maishani mwake. Alivua kofia, akasema, "Mungu, huyu ni wetu." Akakwama. Tukangoja. Akaivaa kofia. Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na mpaka leo namshukuru kwa hiyo. Ila shemeji ni shemeji. Jumapili nilikwenda kanisani kwangu, nikakaa mahali pangu, nikasikiliza matangazo. Walisoma jina la mzee mmoja aliyekufa kwa uzee, wakasoma la mtoto mchanga, kisha wakasoma zamu za usafi.

Jumapili iliyofuata nilivaa gauni la kawaida na kwenda kwenye duka la magodoro.

* * *

Wale watu hawakunifanyia ubaya wowote, hilo nataka lieleweke. Kanuni yao sikuijua. Huenda hawakuwa nayo. Lakini nilipoitazama ile nafasi tupu nyuma ya karatasi, pale ambapo ningeweza kuandika marehemu na jina lake, nililiona swali litakalofuata, kwa sababu watu huuliza, na hawaulizi kwa ubaya. Kijana wa miaka ishirini na saba hafi hivi hivi. Wangeuliza: ajali? Homa? Na mimi ningejibu nini, na wao wangezitazamaje nyuso za wenzao, na nani angesema kwa upole, mama, tutakuja kama majirani?

Niliandika jina lake kwenye mstari wa Mgonjwa.

Nilijiambia kwamba si uongo kabisa. Aliumwa kweli, ila hakuna aliyemlaza. Nikanyoosha mkono, si sana, na mwanamke wa mapokezi akaja.

"Ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Wa ngapi?"

"Ni huyo huyo mmoja."

"Pole sana, dada yangu. Amelazwa wapi?"

Nikamtajia hospitali yangu, nikamwambia nafanya kazi pale, chumba cha kufulia. Nikamwambia wodi ya wanaume ya juu, kitanda cha dirishani. Nilipiga pasi mashuka ya wodi ile kwa miaka ishirini na miwili; nayajua yaliyochanika, yaliyotiwa viraka, yenye madoa ya dawa ambayo hayatoki hata uyachemshe. Kumlaza mwanangu pale hakukunitoa hata jasho. Nilimtandikia, nikamvuta karibu na mwanga, na mwanamke wa mapokezi akaandika haya yote kwa herufi ndogo pembeni mwa karatasi.

Waliimba nyimbo nisizozijua, za kurudiarudia, nami mgeni nikawa nasogeza midomo. Kisha akasimama kiongozi wa maombi, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, akiwa na karatasi zake kiganjani kama mtu wa tiketi. Alisoma za mitihani, akasoma za safari, akafika kwa wagonjwa.

"Leo tuna mama mgeni," akasema. "Kijana wake wa pekee yuko kitandani."

Akalitaja jina lake.

Nililisikia likigonga bati la dari na kurudi. Tangu afe hakuna aliyekuwa amelitaja kwa sauti. Majirani walisema "kijana", wazee wa kanisa walisema "jambo hili", na shemeji alisema "huyu". Sasa lilikuwa limetoka kwenye spika mbili kubwa, na watu zaidi ya mia wakainuka na kunyoosha mikono kuelekea upande wa hospitali, wengine wakikosea upande na kusahihishwa na majirani zao.

Kwetu mtu mmoja huomba na wengine hunyamaza. Wale waliomba wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, na sauti zikapandana hadi sikuweza kuzitenganisha, isipokuwa vipande. Ainuke. Ainuke leo. Aikatae shuka ya hospitali. Arudi kwa mama yake. Jumapili ijayo aje kwa miguu yake, Bwana, atoe ushuhuda hapa mbele. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa akilia kweli, mabega yakimtikisika, kwa ajili ya mtu asiyewahi kumwona.

Nilitaka kusema basi. Nilitaka kusema, ndugu zangu, acheni, mmechelewa. Badala yake nikafungua mdomo, nikaomba pamoja nao. Nilisema ainuke. Nilisema kwa nguvu, mikono juu, na kwa muda usiofika dakika moja niliamini kwamba kitanda kile kipo na yeye yuko juu yake, na kwamba nikikimbia sasa hivi nitamkuta amekaa, anauliza miwani yangu iko wapi. Uongo niliouandika nimekwisha kuutubu mara nyingi. Hiyo dakika sijui nitaitubuje.

Amina yao ilipokuja ilikuwa kubwa, kama nilivyokuwa nimeitaka.

Nilikaa chini kabla ya wengine. Ndipo nilipoona mkono wa mwanamke aliyekuwa kando yangu, ambaye aliingia wakati wa nyimbo na sikumtazama. Ulikuwa umetulia juu ya paja. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa na kovu la zamani, pale sindano ya cherehani ilipowahi kupita hadi upande wa pili.

Sikuthubutu kuinua macho. Mji wetu si mkubwa. Kama alikuwa na masikio alikuwa na habari. Nilingoja asimame. Ilikuwa haki yake kusimama na kuwaambia watu wake ni nani huyu waliyemlilia na mama yake ni nani. Nilikaza mgongo kabisa, nikijiandaa.

"Tulia, mama," akasema kwa sauti ya chini, bila kunigeukia. "Bado kuna wagonjwa saba."

* * *

Baada ya ibada alinikuta nyuma ya jengo, penye bomba, nikijinawisha uso. Alikuwa amezeeka kwa namna ya mafundi cherehani, bega moja juu kuliko lingine. Alikinga maji kwa kiganja, akanywa, akakaushia mkono kwenye gauni.

"Nilisikia," akasema. "Jumatano ile ile."

"Ndiyo."

"Sare?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa polepole. Nilimtazama usoni nikitafuta kama amefurahi. Hakufurahi, na ningeona afadhali kama angefurahi.

"Ni mimi niliyetembeza yale maneno," nikasema. "Ya binti yako. Mimi ndiye niliyepita."

"Najua. Nilikuona dirishani. Ulikuwa na viatu vya kahawia."

Hakuongeza kitu juu ya hilo, siku ile wala siku nyingine. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakitoka mlango wa pembeni, wamebeba vitabu vyao vichwani, na alingoja wapite.

"Mimi niliandika msafiri," akasema.

Sikumwelewa.

"Nilipokuja hapa. Nilipewa karatasi kama yako. Nikaangalia huko mgonjwa, nikaona hapana, nikaandika msafiri. Wakamwombea afike salama. Jumapili ya pili wakaniuliza amefika? Nikasema amefika. Wakataka kujua nchi gani, nikataja. Anafanya nini huko? Nikampa kazi kwenye duka la dawa. Anaishi na nani? Nikampangia chumba. Mwaka mzima. Siku moja nikajisikia nawaambia ameniandikia barua."

"Ukaachaje?"

"Karatasi niliacha. Wao hawajaacha. Kuna bibi mmoja pale mbele, yule mwenye fimbo, mpaka leo akiniona ananiuliza, 'Mtoto hajapata likizo tu?' Namwambia bado, bibi. Ananiambia mabosi wa siku hizi hawana huruma."

Alitaka kucheka na mimi nilitaka kucheka, lakini hakuna aliyeanza.

"Kanuni yao ni ipi?" nikamuuliza. "Juu ya watu kama wa kwetu."

"Sijui."

"Miaka tisa?"

"Sikuuliza. Ningeulizaje, na mwanangu ana kazi duka la dawa?" Akafunga bomba lililokuwa likidondoka, akalikaza tena. "Wewe waambie. Waambie mapema. Ikipita Jumapili ya tatu mdomo unakuwa mzito, unaona umewakosea wao tena, unaona bora uendelee. Mimi nakwambia kitu ninachokijua."

Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa chai asubuhi. Nikasema hapana. Akasema si vizuri, akaenda zake.

* * *

Jumanne, saa nne asubuhi, msimamizi wetu aliniita kwenye dirisha la kupokelea mashuka. Wanawake watatu wa kanisa lile walikuwa wamesimama nje na mfuko wa machungwa, yule wa mapokezi mbele. Walikuwa wamezunguka wodi nzima.

"Tumemkosa," akasema. "Kitanda cha dirishani kuna mzee aliyevunjika mguu."

"Wamemhamisha," nikasema. "Yuko chumba cha peke yake. Hawaruhusu wageni."

Nilikuwa na aproni, nimeloa kwapani, na nyuma yangu mashine zilikuwa zikinguruma. Alinitazama kwa huruma ambayo sijui nilikuwa nimeipata wapi tena katika maisha yangu.

"Na wewe unafua huku yeye yuko huko juu," akasema. "Dada yangu. Mpe haya. Mwambie yametoka kwa watu wanaompenda."

Walipoondoka nilipanda ngazi na machungwa, nikampa mzee mwenye mguu. Akauliza yametoka wapi. Nikamwambia kanisani. Akasema yeye si mtu wa kanisa. Nikamwambia hata hivyo ale.

Jumapili ya pili nilikwenda na sikufungua mdomo. Jina likabaki palepale, kwa sababu waliniletea karatasi wakiwa wameshaandika jina lake wenyewe, nikaona haya kulifuta. Wakaomba. Fundi cherehani alikuwa benchi la nyuma yangu, nilimsikia akikohoa.

Wiki ile niliyapanga maneno. Niliyapanga juu ya pasi, shuka kwa shuka, kwa sauti ambayo mashine ziliimeza. Upande wa kwanza wa shuka nilisema: Mwanangu amekufa. Nikaikunja. Upande wa pili: Alijitoa uhai. Nikaikunja tena. Ikiwa imebaki ya mraba, tayari kuwekwa kwenye rundo, nilisema: Naomba mnitajie jina lake kwa Mungu hivyo alivyo. Nilifanya hivyo kwa shuka mia na zaidi kwa siku, siku tano, hadi mwenzangu wa pasi ya pili akaniuliza kama nimeanza kunena kwa lugha. Ijumaa nilikuwa nayajua kama ninavyolijua jina langu. Nilijua pia kwamba wakinikataa nitakuwa sina kanisa hata moja, na nilikuwa nimekwisha kukubali, kwa sababu angalau yatakuwa yamesemwa ndani ya kanisa, na mimi mwenyewe, kwenye spika zile.

Jumapili ya tatu nilikaa benchi la pili kutoka mbele. Karatasi nilipoletewa niliirudisha tupu. Fundi cherehani aliiona ikirudi. Alitoka alipokuwa, akaja akakaa kando yangu, begi lake mapajani.

Kiongozi wa maombi hakungoja karatasi. Alipofika kwa wagonjwa alizishusha zote, akatabasamu, akanitafuta kwa macho.

"Wapendwa, leo kabla hatujaomba tusikie kwanza. Huyu mama tumesimama naye Jumapili mbili. Mama, simama. Mpeni kipaza sauti. Tuambie, kijana wetu anaendeleaje?"

Kilikuja kikipita mkono kwa mkono, kizito kuliko nilivyofikiri, chenye joto la watu wengine. Nikasimama. Maneno yalikuwapo yote, yamekunjwa vizuri, la kwanza juu. Nikawatazama. Mwanamke wa mapokezi alikuwa mlangoni na utepe wake, ameshika viganja vyake pamoja chini ya kidevu. Yule mzee aliyelia alikuwa amegeuka kwenye benchi ili anione, mdomo umeachama kidogo kama mtoto anayengoja kupewa kitu. Bibi mwenye fimbo alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio. Walikuwa wamefanya kazi kwa ajili yake, wiki mbili, na walitaka kujua.

Nilisikia pumzi yangu ikitoka kwenye spika.

"Hajambo kidogo," nikasema.

Kanisa zima likapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, wengine wakisimama, na kinanda kikaingia chini yake, na mtu nyuma akapiga kigelegele. Kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwangu. Fundi cherehani alikuwa akitazama begi lake. Akalishusha chini, akasogea kidogo kwenye benchi, nipate nafasi ya kukaa.